Mbuzi Waliochanjwa Kabla ya Kuzaliwa

Mama mmoja alipiga simu kutoka kijiji cha Malambo wakati mwenzangu, aliyetengeneza mfumo wetu wa kompyuta wa kumbukumbu za chanjo za mifugo, anakula nyama choma mezani kwake, pale ofisini Karatu. Mbuzi wa mama huyo walikuwa wanaharisha na makamasi yanawatoka.

“Hiyo ni sotoka ya mbuzi,” nikasema.

“Haiwezekani. Mfumo unaonyesha mbuzi wa Malambo wote wamechanjwa,” akabisha mwenzangu.

Nikafungua kumbukumbu za boma la yule mama. Baadhi ya mbuzi walikuwa wamechanjwa kabla ya tarehe yao ya kuzaliwa! Nikamwuliza mwenzangu imekuwaje, na yeye alishatuambia kikaoni kwamba ameweka ndani ya mfumo sharti la kuzuia upuuzi wa namna hiyo.

“Sharti lipo,” akajibu, akilamba mafuta vidoleni.

Kuwepo lilikuwepo. Lakini ukiiuliza kanzidata, yaani hazina ya kumbukumbu zote za mfumo, inakuambia kama sharti limehakikiwa kwa kumbukumbu za zamani, au linazuia mpya tu. Nikaiuliza. Halijahakikiwa. Nikayaangalia masharti yake mengine, na karibu yote yalikuwa hivyo hivyo. Aliruka ukaguzi wa kumbukumbu za zamani makusudi, kisha akasimama mbele ya wafadhili wa mradi wetu na kusema data ni safi.

Nikaamuru lile sharti la tarehe lihakikiwe. Mfumo ukakataa: zipo kumbukumbu zinazolivunja. Yaani chanjo ziliandikwa tu, na kwa kuwa ziliandikwa, hakuna aliyekwenda kuwachanja mbuzi wale.

“Unajitafutia nini, kaka?” akasema. “Liache. Wafugaji watajuaje?”

Ile harufu ya mafuta, yale meno yake yakitafuna huku anasema vile, vilinifanya nitoke nje nikateme mate.

Nikamwita daktari wa mifugo, mkuu wetu. Aliitazama kompyuta, akashusha pumzi, akaagiza gari. Kesho yake nilikwenda naye Malambo.

Yule mama hakutukaribisha ndani. Alituongoza hadi nyuma ya zizi, mizoga ya mbuzi ilikolala, nzi wameijaa machoni na puani.

“Mlisema wamechanjwa,” akaniambia.

“Tulisema, mama. Haikuwa kweli.”

Daktari alichanja mbuzi wa maboma ya jirani. Wa kwake waliobaki walikuwa wagonjwa tayari, chanjo isingewasaidia.

Mwenzangu alipewa onyo, basi. Bado tunakaa chumba kimoja. Wiki ile ile alinisalimia kwa bashasha, “Mambo vipi, kaka?” kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikamgeuzia mgongo, nikaendelea kuhakiki masharti yake mengine, moja baada ya jingine.