Gari Lisilotakiwa Kuinama

Mume wangu Bakiri haamini mtu. Akinunua mkate kwenye spaza, kiduka cha mtaani, anauminya kwanza. Nikimpikia wali, anauliza mchele nimeutoa kwa nani. Mwanzoni nilikuwa nawaka: "Kama unaniogopa, si ukapike mwenyewe!" Sasa nimezoea. Mwanamume ukiona hana kasoro, ujue hujamtazama vizuri.

Na kazi yake nayo inamchochea. Ni fundi wa springi na shokapu hapa Troyeville, Johannesburg, na mimi nauza chai na maandazi langoni kwake, kwa hiyo hakuna gari linaloingia nisilione. Wateja wake ni wenye magari ya porini, yale yanayobeba kampa mgongoni, kijumba kizima chenye kitanda na jiko. Eish, watu hao ni waongo! Mtu anakwambia amebeba hema na maji, ukifungua unakuta friji, jenereta, na mama mkwe amelala. Ndiyo maana Bakiri ana sheria yake: "Sifungi springi kwa maneno. Niletee gari na mzigo wake, mpaka sufuria." Akishaona limeinama kiasi gani, ndipo anaongeza chuma au anapunguza.

Asiyeshukiwa ni mmoja tu, Mussa, mdogo wake wa tumbo moja. Mama yao alifariki Tanga Mussa akiwa bado anatambaa. Bakiri akamlea, akamsomesha, akamleta Johannesburg. Ukimgusa Mussa umemtia Bakiri kidole machoni. Mimi ni shemeji, najua mipaka yangu, huwa nakunywa chai yangu nanyamaza.

Basi Mussa akapata kazi ya udereva kwa Damien, Mkongomani wa kule Midrand anayekodisha magari ya watalii. Safari ya kwanza ilikuwa ya Zimbabwe, kupitia mpaka wa Beitbridge. Kabla ya safari, Damien mwenyewe akalileta gari, kampa juu, ndani hamna hata kijiko.

"Papa, nyuma nataka ikae juu," akamwambia Bakiri. "Hata ikibeba, isishuke."

"Itabeba nini?"

"Maji, gesi, vitu vya watalii."

"Kalete na vitu vyake."

"Hapana, tunapakia kwangu nyumbani." Akacheka, akaniagiza maandazi ambayo hakuyala.

Alipoondoka, Bakiri alilizunguka lile gari kama paka anayenusa samaki wa jana. Usiku hakula. "Ummi," akaniambia, "springi ngumu namna hiyo zitamng'oa mtalii meno. Gari la halali likibeba linainama, na halina cha kuficha. Huyu hataki askari wa barabarani ajue kuna mzigo. Na usukani kamkabidhi mtoto wangu."

"Si umwambie Mussa aache kazi?"

"Atasema namwonea kijicho. Kijana akishapewa ufunguo wa gari, masikio yanaziba." Akafikiri sana. "Ngoja gari limwambie lenyewe."

Kesho yake nilimwona akitoa chuma kimoja kwenye springi za kila upande, na shokapu akazilegeza. Kinyume kabisa na alichoagizwa. Hesabu yake ilikuwa hivi: Damien atapakia, mkia utashuka mpaka karibu na lami, Mussa ataona, atauliza kuna nini, atakimbia. Nilimwambia Damien atakuja kututia vidole vya macho. Akasema, "Aje. Bora nigombane na Damien kuliko kwenda kumtazama Mussa jela."

Damien akalichukua gari asubuhi. Siku hiyo Bakiri hakufanya kazi ya maana. Alishika spana, akaiweka, akaja langoni kuchungulia barabara, akarudi. Kila gari likipunguza mwendo, nami moyo unaruka.

Baada ya adhuhuri likaja. Nyuma limekaa chini, taa za mbele zinatazama mawinguni. Kwenye usukani alikuwa Mussa, peke yake.

"Alhamdulillah!" Bakiri akanishika bega, na mume wangu si mtu wa kunishika bega mbele za watu. "Umeona? Amemkimbia. Amekuja kwetu." Macho yalikuwa yamemlowa. Nami nikafurahi, nikaanza kummiminia shemeji yangu chai.

Mussa akashuka. Hakutoa shikamoo. Alitazama barabara, juu na chini, akafunga lango mwenyewe. Kisha akachuchumaa penye gurudumu la nyuma, akachungulia chini.

"Kaka," akasema, "umesahau chuma kimoja kila upande. Rudisha upesi. Na hii ni nusu tu, nusu nyingine tunapakia magharibi."

Bakiri alibaki amenyoosha mikono. "Damien ndiye kakutuma useme hivyo?"

"Damien?" Mussa akacheka kidogo. "Mimi ndiye niliyemtuma Damien kwako. Fundi mwingine angetuuza. Nilimwambia, kaka yangu hawezi."

Nikawaka. "Bakiri! Ukirudisha hivyo vyuma, na wewe ni mwenzao! Mfukuze!"

"Akitoka hivi, Ummi," Bakiri akasema taratibu, "askari wa kwanza atamsimamisha. Mkia huu nimeushusha mimi."

Akavuta jeki. Akalala chini ya gari, spana ikaanza kulia. Alirudisha vyuma, akaongeza kimoja juu yake, akazikaza shokapu. Mkia ukapanda, ukakaa sawa. Mussa akasema, "Asante, kaka," akafungua lango, akaenda.

Hasira zilinishika mpaka jioni. Bakiri alikuwa bombani ananawa, grisi imeshatoka zamani, naye bado anasugua. Nikamwendea.

"Watu wote unawahoji," nikamwambia. "Mbona yeye hukumuuliza mle ndani mna nini?"

Akafunga maji.

"Ningemuuliza, angeniambia," akasema.