Siku Nyanya Alipokwenda Kumtoa Baba Melini

Juzi nilikuwa Voi, nimeketi katika hoteli moja nikisubiri gari la kunipandisha Wundanyi, nikaagiza chai. Kijana akaniletea kikombe cha maji moto, kifuko cha majani chenye uzi, na maziwa baridi kwenye kikopo cha kupimia dawa. Akaniambia hiyo ndiyo chai ya wageni. Nilicheka peke yangu mpaka akauliza kama kuna shida. Hakukuwa na shida. Nilikumbuka tu kwamba mara ya kwanza kuwekewa chai ambayo haikupikwa pamoja na maziwa yake nilikuwa na miaka kumi, nilikuwa ndani ya meli ya watalii huko Kilindini, na aliyeniandalia alikuwa baba yangu mzazi. Kaa hapa nikusimulie, maana kwetu habari hii imesimuliwa sana na kila mtu ameongeza chumvi yake.

Kwetu ni Werugha, milimani karibu na Wundanyi. Kama hujawahi kufika, jua kwamba kuna asubuhi ukungu huingia hadi jikoni, na mtu akikuita kutoka shamba la pili unamsikia bila kumwona. Tulikuwa tukilima kabeji na viazi kwenye matuta, na tulikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi ambaye Nyanya alimpenda kuliko baadhi yetu. Miaka ile ya sabini, tukitoka shuleni saa kumi, harufu ya chai ilitupokea pale njia inapokata kona. Nyanya, mama yake Baba, alipika kwa sufuria nyeusi kwa masizi: maziwa kwanza, maji kidogo, majani, sukari, kisha anaacha ipande mara tatu. Chai ya rangi hatukuijua, ila kwa mtu tuliyetaka aondoke. Ukiwekewa ya rangi na huku unamsikia ng'ombe zizini, basi hakuna haja ya kukutafsiria.

Baba alikuwa stiwadi katika meli. Alianza kwa kuosha sahani akiwa kijana, akapanda hadi akawa msimamizi wa chumba cha chai. Alirudi nyumbani mara moja kwa mwaka akinukia sabuni ngeni, na kwa siku chache za kwanza hakuweza kukaa mpaka kila mtu awe na kikombe mkononi. Mimi shuleni nilitangaza kwamba baba yangu ana meli. Mwalimu alinirekebisha mbele ya darasa, akasema baba yangu anafanya kazi katika meli. Nilimjibu kwamba ni yale yale, nikasimamishwa kwa mguu mmoja mpaka kipindi kikaisha. Sikujuta.

Mambo yaliharibika mwaka ule Babu alipofariki. Alikuwa ameugua kwa muda mrefu, na kwa bahati Baba alikuwa nyumbani kwa likizo miezi yake ya mwisho, akamuuguza kwa mikono yake hadi mwisho, ndipo akarudi baharini. Baada ya mazishi mvua ikaja kwa hasira, ikabomoa matuta yetu matatu ya juu, na udongo wote ukaenda kulala kwa watu wa bondeni. Baba ndiye aliyekuwa mtoto wa kiume wa pekee. Watu wakaanza kuuliza, wengine kwa huruma na wengine kwa kutaka kusikia tu, boma lile litabaki na nani.

Kisha jirani yetu wa upande wa juu, mzee aliyewahi kufanya kazi za bandarini, akasema maneno kanisani baada ya ibada. Alisema amesikia kutoka kwa wanaojua kwamba mtoto wa Nyanya huvaa aproni na kuwabebea vikombe wanawake wa Kizungu, na hao wanawake humwita kwa kidole. Nyanya aliyasikiliza yote. Alipofika nyumbani alimwambia Mama kwa Kidawida, lugha yetu, neno ambalo mimi nikalitunza. "Naenda kuona kwa macho yangu," alisema. "Nikikuta anatumwatumwa kama mtoto, narudi naye."

Na Nyanya akisema jambo, lilikuwa limeshatendeka nusu. Mama aliogopa. Alijua vile Baba anavyoipenda kazi ile, na alijua pia kwamba hawezi kumkatalia mama yake. Kwa hiyo barua ilipokuja kusema meli itatia nanga Mombasa, na kwamba Baba ameruhusiwa kukaribisha watu wawili wa nyumbani kwa chai ya saa kumi, Mama aliitoa nafasi yake. Akasema aende Nyanya mwenyewe, na mimi niende kumtafsiria. Akamwandikia Baba kumjulisha mama yake anakuja kufanya nini.

Mimi nilikuwa upande gani? Ukweli nitakuambia. Nilimtaka Baba nyumbani, kila siku, kama watoto wengine. Na nilitaka abaki melini ili niendelee kujivuna. Niliyabeba yote mawili hadi Mombasa na hayakunizuia kula karanga njia nzima.

Tulishuka Voi, tukalala kwa shangazi, na alfajiri tukapanda gari la moshi. Nyanya alikuwa na gauni lake la Krismasi, leso mbili, viatu vya kufunga kamba na kikapu. Ndani ya kikapu mlikuwa na ndizi, viazi, na chupa ya maziwa ya ng'ombe wetu iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Huendi kwa watu mikono mitupu. Maziwa yale aliyachemsha Werugha, akayachemsha tena kwa shangazi Voi, na tulipofika Changamwe kwa binamu ya Mama akaomba jiko akayachemsha mara ya tatu, kwa sababu joto la huko chini hakuliamini. Binamu alituambia watalii wengi wa meli hiyo walikuwa wameondoka kwa mabasi kwenda kuona ndovu upande wa kwetu. Nyanya alishangaa sana. Tulikuwa na jamaa Kasigau ambao ndovu haohao walikuwa wamewamalizia mahindi, na hakuna aliyewahi kulipa kuwaona.

Meli sikuweza kuiona yote kwa mara moja. Ilikuwa nyeupe, na ilinilazimu kugeuza shingo kuanzia upande huu hadi ule. Baba alitupokea juu ya ngazi akiwa na koti jeupe lenye vifungo vya shaba, na aproni hakuwa nayo. Alimwinamia mama yake, akanishika kichwa, kisha akatupeleka chumba cha chai. Mlangoni Nyanya akasimama. Sakafu ilikuwa ya zulia jekundu, nene, safi kushinda kitanda chake. Akainama, akafungua kamba, akavua viatu, akaniashiria na mimi nivue. Wazee wa Kizungu waliobaki melini, labda ishirini hivi, wakageuka kutazama. Nilitamani zulia linimeze. Baba alivichukua viatu vyetu kwa mikono miwili, akavipanga kando ya mlango kama vitu vya thamani, akatuongoza hadi meza ya dirishani tukiwa miguu mitupu.

Basi ikaja chai yenyewe. Vitambaa vyeupe vya mezani, birika la fedha, na sahani za ghorofa tatu. Chini mlikuwa na mikate midogo isiyo na ukoko. Nyanya aliufungua mmoja kuona ndani, akakuta tango, akaufunga tena bila kulaumu mtu. Katikati vitu walivyoviita skonzi, ingawa havikufanana na skonzi za Voi, na krimu, na jamu. Juu keki ndogo za waridi. Mzee mmoja alikuwa akipiga piano polepole kwenye pembe. Nilikula mpaka nikasahau tumekuja kufanya nini.

Baba akatumiminia. Ikatoka nyeusi. Kando akaweka kijagi cha maziwa baridi kinachotosha kidole gumba. Nilimwona Nyanya akikitazama kile kijagi, halafu akitazama chumba kizima, meza baada ya meza, kila moja na kijagi chake. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonishangaza. Uso wake ulikuwa wa huruma. Akatia mkono kapuni, akatoa chupa, akamkabidhi Baba.

"Ng'ombe wao amekauka," alimwambia. "Chukua haya ukawapikie."

Mkubwa wake Baba, Mzungu mrefu mwenye mvi, alikuwa amesimama karibu na piano akitutazama. Vijana watano waliovaa kama Baba, wawili kati yao Wazungu, walikuwa wamesimama wakingoja. Na Baba ameshika chupa iliyozibwa kwa gunzi. Nilijua Nyanya alikuwa anapima. Akiirudisha chupa, au akiificha chini ya meza, au akimtazama mkubwa kwanza kama anayeomba asamehewe, basi safari ya kurudi itakuwa ya watu watatu.

Baba alitembea moja kwa moja hadi kwa mkubwa wake, chupa mkononi wazi, akamwambia kwa Kiingereza ambacho hata mimi wa darasa la nne nilikielewa, kwamba mama yake ameleta maziwa ya nyumbani, na kwamba leo chai itachelewa kidogo. Hakuuliza. Alimweleza tu. Yule mkubwa akatazama saa ya ukutani, kisha akamtazama Nyanya aliyekaa miguu mitupu na leso begani, akainamisha kichwa. Baba akanyoosha vidole viwili, vijana wawili wakamfuata jikoni bila kuambiwa, na mmojawao alikuwa Mzungu. Hilo Nyanya alilihesabu.

Ikaja chai ya Werugha katika birika la fedha. Harufu yake ilipoingia mlangoni nilidhani nitalia. Baba alianza na mama yake, kisha mimi, kisha akazunguka meza moja moja na kumwonjesha kila mtu hadi birika likaisha. Mkubwa alikunywa chake akiwa amesimama.

Lakini si chai iliyoamua. Katika meza ya karibu nasi alikuwako bibi mzee sana, Mzungu, peke yake, mikono yake ikitetemeka kiasi kwamba alikuwa hajagusa kikombe tangu tuingie. Baba alipomfikia alimimina nusu tu. Akabaki pale akimweleza kitu kuhusu bahari nje ya dirisha, na alipokuwa akimweleza aliushika mkono wa yule bibi na kisahani kwa pamoja, chini, taratibu, bibi akanywa, na mtu yeyote angeapa kwamba amejinywea mwenyewe. Alirudia hivyo mara tatu. Mara zote aliendelea kuzungumza, hakuitazama mikono yao.

Nyanya aliweka kikombe chake chini. Alikuwa ameshamwona mwanawe akifanya hivyo, na si katika meli.

Baba alirudi mezani kwetu, akasimama mbele yake mikono nyuma. Alikuwa ameipata barua ya Mama. "Mama," alisema kwa Kidawida, "najua umekuja kunichukua."

"Nilikuja kukuchukua," Nyanya akajibu. Akageuka kumtazama yule bibi. "Baba yako alikunywa uji hivyohivyo mpaka siku ya mwisho, na alikufa akidhani anajishikia kikombe. Mimi nikafikiri mambo hayo umefunzwa na hawa. Kumbe umetoka nayo nyumbani." Akaivuta leso yake vizuri begani. "Bakia na kazi yako. Shamba niachie mimi."

Nilimwona baba yangu akitoa machozi mbele ya wageni wake, na hakuyafuta haraka. Alitusindikiza hadi mlangoni, akapiga goti juu ya lile zulia, akamvisha mama yake viatu na kufunga kamba, na vijana wake wote wakisimama wima kutazama. Nikivuta picha ya fahari, hiyo ndiyo inayokuja. Wala sikuwahi tena kusema kwamba baba yangu ana meli.

Kwenye gari la moshi nililia, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na Baba hayupo. Nyanya hakuniambia ninyamaze. Tulipopanda Werugha jirani wa upande wa juu alikuwa barabarani, akauliza mbona amerudi peke yake. Nyanya akamwambia amemwacha kazini, ana watu wa kuwatunza. Kesho yake kabla ukungu haujaondoka nilisikia jembe lake kwenye matuta yaliyobomoka.

Matuta yale aliyainua yeye, Mama, na sisi watoto, kwa misimu miwili. Mgongo wake haukunyooka tena. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia barua za Baba, na kila mara aliniambia niandike kwamba shamba liko salama na yeye hana neno. Niliandika. Nilijua si kweli, naye alijua ninajua, tukafunga bahasha.

Meli ile ilishakatwa vyuma vikuukuu, sijui katika bandari gani. Ng'ombe, sufuria, Nyanya, Mama, Baba, wote wamekwenda. Matuta yamebaki, na juu yake watoto wa dada yangu wanapanda kabeji. Watu wakitaka kuisifu familia yetu huanza na ile meli na koti lenye vifungo vya shaba, nami huwaacha wamalize. Kisha huwaambia habari ya mwanamke aliyepanda ngazi za meli kumchukua mwanawe wa pekee, akiwa na uwezo wa kumchukua, akashuka bila yeye, akaenda kulima.