Siku Gari la Zimamoto Lilipokuja Bila Maji Kweli

Admin, naomba ufiche jina langu na la kituo changu. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na nane, askari wa zimamoto hapa Mwanza. Kwetu ni Kagera, lakini sijalala huko kwa zaidi ya miaka thelathini, tangu kaka yangu aliponifukuza kwenye shamba la migomba la marehemu baba. Aliniambia mbele ya wazee, "Wewe hutakuwa mtu popote." Nimesoma vitabu vingi maishani, ila hakuna sentensi niliyoikariri kama hiyo.

Mwaka huu, nikiwa nakaribia kustaafu, nilipandishwa cheo nikawa mkuu wa zamu. Kwenye gwaride langu la kwanza niliwaambia askari, "Sifa ni zenu, lawama ni zangu." Walipiga makofi. Dereva wetu, ambaye nitamwita Masanja, akasema, "Hiyo tutaiandika ukutani, afande." Na kweli aliiandika juu ya mlango wa gereji, kwa rangi nyekundu iliyobaki tulipopaka ndoo za mchanga.

Ninyi wananchi hutuzomea kwamba tunakuja bila maji. Si kweli. Tanki lililojaa, mpira ukifunguliwa kwa nguvu, huisha kwa dakika chache tu. Mnafika yameisha, mnasema hayakuwepo. Nimelieleza hilo shuleni, sokoni, hata kanisani. Lakini siku moja mlisema kweli, na siku hiyo mimi ndiye niliyekaa kiti cha mbele.

Dada yangu alikuwa amefariki Kiseke, hapahapa Mwanza. Bomba lilikuwa kavu siku ya tatu, na msiba ulikuwa umejaa watu. Kaka alikuja na ukoo mzima. Nikaamuru gari letu lipeleke maji msibani. Ningeweza kusema nilifanya hivyo kwa huruma. Hapana. Nilitaka kaka aone gari jekundu likisimama kwa amri yangu.

"Afande, tukipata wito?" Masanja aliuliza.

"Mkuu wa zamu ni nani?"

"Ni wewe, mzee."

"Basi washa gari."

Tulikwenda na askari wengine wawili. Tukajaza mapipa, madumu, na masufuria ya wapishi. Kaka akaja akanawa mikono, kisha akalizunguka gari taratibu kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Gari zuri," akasema. "Ni lako?"

Watu wakacheka. Kabla kicheko hakijaisha, simu ya wito ikaita.

Mtaa wa pili kutoka pale, nyumba ya mama mmoja fundi cherehani ilikuwa inaungua. Maji tuliyobakiza yalitoka kidogo, mpira ukakohoa, ukalala chini.

"Wamekuja kutalii hawa!"

"Honi mnayo, maji hamna!"

"Mshusheni huyo mzee wa mbele, ateme mate, labda utazimika!"

Mwenye nyumba hakututukana. Alinisogelea dirishani, moshi umemjaa usoni, akasema, "Shikamoo, baba. Yameisha kweli?"

Nikasema, "Marahaba." Nikapandisha kioo.

Mawe yakaanza. Masanja alishuka, akasimama mbele ya mlango wangu akiwasihi watu. Jiwe lililonilenga mimi lilimpata yeye. Jicho lake la kulia halitaona tena.

Hospitali nilimshika mkono, nikamwambia, "Usitaje msiba. Nitalisema mwenyewe mbele ya wakubwa." Akanikubalia kwa kichwa. Aliniamini.

Kwenye kikao cha kwanza cha uchunguzi nilisimama nikasema, "Kukagua tanki ni kazi ya dereva. Asubuhi hiyo alisaini daftarini kwamba limejaa." Kila neno lilikuwa kweli. Mtu aliyesoma sana hujua kudanganya kwa maneno ya kweli. Masanja alinitazama, bandeji kichwani, akisubiri niendelee. Nikaketi. Wale askari wawili walikuwepo, wakainama wakatazama viatu vyao.

Tangu siku hiyo hakuna anayechelewa gwaride. Buti zinang'aa. Nikikohoa tu, watu wanasimama wima. Wameona nilichomfanyia mtu aliyenikinga, kila mmoja anajiuliza nitamfanyia nini yeye. Mkubwa wangu alikuja kukagua akanipiga bega: "Mzee, kituo umekinyoosha!" Amenipangia niwafundishe wenzangu waliopanda vyeo namna ya kuongoza. Aibu yangu kubwa ni kwamba nilifurahi.

Juzi Masanja alikuja kituoni na ndoo ya chokaa. Nilidhani amekuja kunitukana, nikasimama kujiandaa.

"Shikamoo, afande. Nimekuja kufuta yale maandishi yangu. Mke wangu amesema yasije yakamdanganya mwingine."

Nikamwambia kwamba askari watayafuta. Akajibu, "Hapana, mzee. Niliandika mimi." Akapanda ngazi, akapaka polepole, askari wote wakimwangalia, hakuna aliyethubutu kumshikia ndoo kwa sababu nilikuwa pale. Akashuka, akaniaga, akaondoka. Upande wa kulia hakuuona vizuri. Mwisho wa mstari, neno moja jekundu limebaki: "zangu." Kila asubuhi nasimama chini yake kukagua gwaride.

Jumatatu ni kikao cha mwisho. Nikinyamaza, Masanja anafukuzwa kazi, ana jicho moja na watoto watatu. Nikisema, nitavuliwa cheo mbele ya watu walewale ninaowatisha, na habari zitafika Kagera kabla yangu. Kaka atajua kwamba alisema kweli.

Msinifariji, wala msiniite mzee wetu. Nimewahi kuwasikia mkizomea, najua mnaweza kusema. Nishaurini nifanye nini Jumatatu, na mniambie kwa sauti ileile ya siku ile.