Anaumwa Kidogo

Shemeji yangu alinipigia simu asubuhi, nikiwa nakata suruali za sare ya shule kibarazani kwangu, Makorora. "Shemeji, acha cherehani uje Tongoni. Kaka anaumwa kidogo."

Mkasi ukanibaki mkononi. Kwetu mtu haambiwi kwa simu kwamba amefiwa. Huambiwa fulani anaumwa, aje nyumbani, na akifika anakuta watu wamejaa uani. Mimi mwenyewe nilimwita dada yangu kutoka Mkwaja kwa maneno hayohayo, baba yetu akiwa ameshaoshwa na kuvikwa sanda. Nilijua vizuri maana ya hiyo "kidogo".

Mume wangu ni mwanajeshi, na alikuwa Kongo kulinda amani tangu kabla ya Ramadhani. Nilikuwa naishi kwa ubishi tu. Taarifa ya habari sisikilizi, simu inalala kifuani kwangu, na jirani akianza na "nimesikia huko Kongo" namuuliza bei ya nyanya. Akikawia kupiga, nashona mpaka macho yanauma. Wiki ile alikuwa hajapiga kabisa.

Nikachukua bodaboda. Njia nzima nilikuwa naipiga namba yake, haipatikani.

Nilipoingia uani kwa wakwe zangu, mikeka ilikuwa imeshatandikwa. Wanawake waliojitanda kanga walinitazama, kisha wote wakainamisha macho. Mama mkwe alikuwa katikati yao, kichwa wazi, analia mpaka sauti imemkauka. Jirani yake mmoja akanishika mkono.

"Njoo ukae, mwanangu. Na hivyo vipuli, vivue."

"Sikai."

Mjane ndiye anayekalishwa mkekani na kuvuliwa vipuli. Niliona nikikaa tu, nimekubali. Nikaegemea mwimo wa mlango, vipuli vyangu masikioni. Niliogopa sana, na nilikuwa na hasira na kila mtu aliyekaa pale.

Baba mkwe akaja kutoka kwa wanaume.

"Shikamoo, baba. Niambie ukweli. Amekufa lini?"

"Marahaba. Wallahi, mwanangu, kikosini wamenipigia, wamesema anaumwa. Malaria imempanda kichwani, amelazwa. Basi."

"Na hawa watu wote kawaita nani?"

"Sijamwita mtu! Nimemwambia mama yako mwanawe anaumwa, akapiga ukelele. Wamekuja wenyewe."

Sikumwamini hata chembe. Tongoni nzima, mtu akifa, yeye ndiye hutumwa kwa wafiwa, kwa kuwa anaweza kutamka "anaumwa" bila kupepesa jicho. Leo alikuwa anaapa huku jasho linamchuruzika, na hapakuwa na mtu wa kumsadiki, hata mkewe.

"Basi wapigie tena, baba, nisikie mwenyewe."

"Namba yao haikutokea kwenye simu. Ningeshawapigia."

Adhuhuri ikapita. Wakaniletea chai, nikaikataa. Shangazi mmoja wa mume wangu akauliza kwa kunong'ona kama maiti italetwa kwa ndege mpaka Tanga au itaishia Dar es Salaam. Nikamwambia afunge mdomo wake. Mtu mzima yule, mwenye wajukuu, na hakuna aliyenikaripia. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi, maana anayevumiliwa hivyo ni mfiwa.

Miguu ilikuwa imeshakufa ganzi. Mara mbili jirani yule alinivutia kigoda, mara mbili nikakisukuma kwa mguu. Wanaume walikuwa wametoka kuswali alasiri simu ilipotetemeka kifuani mwangu. Namba ndefu, siijui. Nikapokea.

"Mke wangu?" Sauti ilikuwa nyembamba, inakwaruza. "Nimeumwa, bwana. Leo ndiyo kwanza nimeweza kuinuka kitandani. Simu yangu imezima, hii nimeazima."

Nikaibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Mbona kimya? Na hivyo vilio vya nani? Uko wapi?"

"Niko kwenu Tongoni," nikasema. "Msibani."

"Inna lillahi! Kafa nani?"

Baba mkwe alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti, amenyoosha mkono kuitaka simu, na midomo inamcheza.

"Wewe," nikamwambia. Nikakaa mkekani.