Kibanda Kilichokimbiza Nyimbo

Katika miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, watu walilalamikia bei na mitumba. Mimi nilichokichukia ni vibanda vya video. Kile cha Miyuji kilikuwa cha udongo na bati, magunia yametundikwa madirishani ili mwanga usiingie, na hewa nayo ikakosa njia. Ndani kulinuka miguu, makapi ya miwa na mkojo wa ukuta wa nyuma. Ukikaa kwenye benchi unapokea unyevu wa jasho la aliyekutangulia. Mbele kulikuwa na televisheni ndogo juu ya meza, na pembeni yake jamaa mwenye kipaza sauti aliyejiita mtafsiri. Sinema zilikuwa za Kihindi, na Kihindi hakukijua hata neno moja. Alitazama midomo ya waigizaji akatunga matusi, watu wakacheka mpaka wakapigana makofi mgongoni.

Hayo ningeyavumilia. Uchafu wenyewe ulikuwa huu: wimbo ukianza tu, vijana walipiga kelele, "Kimbiza!", na mwenye mashine akabonyeza kitufe, picha zikakimbia bila sauti mpaka ngumi zirudi. Sisi tuliokulia kwenye ukumbi wa zamani wa sinema mjini tulifuata nyimbo. Ngumi zilikuwa za kupumzikia. Wimbo ukiwa mzuri, hata wauza karanga walinyamaza, na kesho yake utausikia bombani kwenye foleni ya maji, maneno yote yamepotoka, sauti ni ileile. Ukumbi ule uliuzwa. Siku moja nikitoka Mtera na samaki wangu wakavu niliona watu wakiingiza ndani madumu ya mafuta ya kupikia. Nikachungulia. Viti vimeng'olewa, na kwenye ukuta mweupe tuliokuwa tukiukodolea macho mtu ameandika kwa mkaa: usikojoe hapa.

Mama yangu mkubwa, mkulima wa karanga kule Mlali, aliingia ukumbi ule mara moja tu maishani, yeye na mumewe, walipokuja mjini baada ya ndoa. Kulikuwa na wimbo mmoja, mwanamke amekaa kwenye bembea mvua inamnyeshea. Walipotoka wakaanza kubishana. Mama mkubwa alisema yule mwanamke anacheka. Baba mkubwa alisema analia. Ubishi huo walizeeka nao. Wakimenya karanga mama mkubwa anauimba wimbo ule, mzee anamkatiza: "Punguza furaha, mwenzako yuko kwenye matatizo." Naye anaongeza sauti makusudi. Baba mkubwa akafa, hakuna aliyekubali kushindwa. Kisha mama mkubwa akaanza kuingiwa na ukungu machoni, akaniambia anataka kumwona yule mwanamke tena kabla hajapofuka, ajue moja.

Jina la sinema nililijua. Nilipoliona kwenye ubao wa kibanda cha Miyuji, nilimpelekea habari, na Jumapili akaja na kitenge chake cha kanisani.

"Mbukwenyi," aliwasalimia mlangoni kwa Kigogo.

"Bibi, ibada imeshaisha!" sauti ikatoka gizani, na vicheko.

Tukakaa benchi la mbele. Nilikuwa nimemwambia mwenye mashine tangu mlangoni kwamba wimbo wa bembea asiukimbize, naye akaitikia kwa kichwa. Mvua ilipoanza kwenye kioo, mama mkubwa alinishika mkono. Vijana wakapiga kelele zao, na yule mtu akabonyeza. Bembea ikaruka huku na huku kama chekecheo, mistari myeupe ikamkata mwanamke usoni, akapotea.

"Ndiye yule?"

"Ndiye."

"Mbona amepita?"

Nikasimama. "Tulikubaliana, bwana. Rudisha."

"Mjomba, hapa si harusini," alijibu mwenye mashine. "Watu wanataka ngumi."

Mama mkubwa hakugombana. Alimgeukia mtu wa kipaza sauti, kwa sababu aliamini kweli kwamba yule ni mtu wa lugha. "Baba, wewe unayewaelewa. Alikuwa analia au anacheka?"

"Bibi, alikuwa anajikuna!"

Kibanda kizima kikalipuka. Wengine walipiga mabenchi kwa viganja. Nikawageukia, nisijue nianze na nani.

Mama mkubwa akainuka, akaenda kusimama mbele ya televisheni, mgongo kwetu. Kitenge kikaziba kioo chote.

"Bibi, tupishe!"

"Shikamoo bibi, lakini kaa!"

"Marahaba. Rudisheni wimbo."

"Mtoeni huyo!"

"Mtoe wewe, umekatazwa?"

Hakuna aliyeinuka. Kumzomea mama wa watu gizani waliweza. Kumshika mkono, kila mmoja alimngoja mwenzake.

"Rudisha, bwana, tutalala hapa!" mmoja akasema mwishowe, na mkanda ukarudi.

Wimbo ukaanza, na sauti yake kamili. Mtafsiri akakohoa kwenye kipaza sauti. "Na wewe nyamaza," mama mkubwa alimwambia bila kugeuka. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Sisi wengine tuliona mgongo wake tu. Wimbo ulipokwisha, alipita katikati yetu akatoka nje.

Nilimkuta amekaa kwenye jiwe, anafuta vumbi viatuni.

"Je?"

"Analia. Tangu mwanzo. Kidevu kinamtetemeka, hata bembea haisukumi mwenyewe."

"Kwa hiyo mzee alisema kweli."

"Alisema kweli." Akafuta kiatu cha pili, taratibu. "Kesho nikipita kaburini nimwambie, au ninyamaze?"

"Mwambie tu, mama."

"Atajisifu."

"Atajisifu kwa nani, naye yuko kule?"

"Wewe humjui," akasema, akainuka, akashika njia ya stendi.