Friji la Mzee Kitasa

Hakuna mlango mtaani uliowahi kumshinda Mzee Kitasa. Wateja ndio waliompa jina hilo, na alilistahili: kabla hujamaliza kusimulia ulivyopoteza ufunguo, mlango uko wazi. Kilichomshinda ni kiu.

Figo zake zilisalimu amri miaka miwili iliyopita. Sasa mashine ya hospitali ndiyo inayomsafishia damu mara tatu kwa wiki, na kwa kuwa mkojo karibu haupo, kila anachokunywa kinabaki mwilini kikiisubiri mashine. Daktari alimruhusu lita moja kwa siku, chai na mchuzi vikiwemo. Akizidisha, miguu inavimba, maji yanaingia mapafuni, na pumzi inakuwa ya kutafuta.

Mzee aliyaelewa yote hayo, na akanywa vilevile. Mkewe alipochoka kusema, alichukua kufuli jipya kibandani kwa mumewe mwenyewe, akalitia kwenye friji, ufunguo akauficha kifuani.

Jamani, huko si kumkabidhi fisi bucha? Siku ya kwanza mzee alilifungua kwa pini ya nywele ya mkewe. Siku ya pili, kwa waya, huku akipiga mluzi. Wala kiu haikuwa kali kiasi hicho; alipenda tu kulisikia kufuli likiachia. Na friji likishafunguka, nani atalifunga bila kunywa?

Lakini mizani ya hospitali haichokonolewi kwa pini. Jumatano muuguzi aliisoma mara mbili.

"Mzee wangu, umeongeza kilo nne tangu juzi."

"Ni viatu, dada."

"Vivue."

Akavivua. Kilo hazikushtuka.

Daktari hakucheka. Ijumaa akija hivyo tena, alisema, atalazwa. Na Jumamosi yalikuwa mahafali ya ualimu ya binti yao, kitinda mimba, aliyesomeshwa kwa vitasa vya mtaa mzima. Mzee alirudi nyumbani roho mkononi.

Alimweleza mkewe yote, pini na waya, akangoja kusutwa. Mke akaenda jikoni, akalitoa kufuli na kulitupa kwenye kikapu cha vitunguu.

"Mbona unaliacha friji wazi?"

"Kufuli linakuita, baba watoto. Siwezi kushindana na wewe kwenye kazi yako. Maji yako pale. Ukitaka kunywa, kunywa."

Alhamisi mzee alisimama mbele ya friji, mikono haina cha kufanya. Akalifungua, akaitazama chupa, akaona haya. Alichukua kipande kimoja cha barafu, akakihesabu kwenye lita yake, akakimumunya taratibu huku akichonga ufunguo wa jirani. Kikadumu kuliko alivyotarajia.

Ijumaa mizani ilisema ameongeza kilo moja na nusu tu.

"Leo viatu umeviacha wapi?" aliuliza muuguzi.

"Ninavyo miguuni, dada."

Jumamosi, binti alipoitwa jina, mzee ndiye aliyetangulia kusimama. Akashangilia mpaka sauti ikamkauka, na pumzi ilikuwepo. Mkewe akatoa mkobani kichupa cha maji alichokipima asubuhi. Mzee akapiga mafunda mawili, akafunga kizibo, akamrudishia.

"Kaa nacho."

"Kaa nacho wewe," alisema mkewe, akaendelea kupiga makofi.