Nilivyowaandika watoto wa dada yangu kwenye fomu yangu ya kodi Marekani, na nilichokiona haki ilipomfikia mwenyewe

Habari za muda huu wakuu.

Ninayoandika hapa yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Na msinihurumie, kosa ni langu.

Mimi mtu wa Tanga, nipo Sterling, Virginia, mwaka wa kumi huu, mlinzi kwenye data center, yale majengo ya kuhifadhia kompyuta za makampuni. Dada yangu mdogo, Mwanaidi, yupo Langley Park, upande wa Maryland, na wanawe wawili, Rama na Zuhura. Mume aliondoka, hayo tuyaache.

Kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani. Jumatatu mpaka Jumapili, mabasi mawili kwenda, mawili kurudi.

Sasa kwa kuwa mimi ndiye niliyetangulia huku, karatasi zote zilipita mikononi mwangu. Barua za shule, za hospitali, kodi ya mwaka. Nilijiona wakili kabisa.

Kwa wasiojua: huku kila mwaka unajaza fomu ya kodi. Kama unafanya kazi, kipato ni kidogo na una watoto, serikali inakurudishia pesa, pengine kuliko hata ulichokatwa. Ni haki ya mfanyakazi, huendi kumpigia mtu magoti.

Basi kila mwaka wale watoto niliwaandika kwenye fomu yangu. Ya dada naijaza kama mtu asiye na mtoto.

Mtaniuliza kwa nini. Mimi si mjomba? Nauli zao za ndege nililipa mimi. Watoto wa dada yangu ni wangu, nani angeniambia vingine? Wallahi sikuona kama nakosea.

Refund, yaani hiyo pesa ya kurudishiwa, ikiingia, nakata kidogo napeleka Langley Park siku ya Idi. Dada ananishukuru mpaka machozi yanamtoka. Ananiombea dua. Kwa pesa yake mwenyewe, wakuu.

Mwaka jana app ya simu ninayojazia fomu ikanigomea, nikaenda maktaba ambako watu wa kujitolea wanajaza fomu bure. Nikakutana na mama mtu mzima, miwani puani, mpole. Akaniuliza swali moja tu: hawa watoto mwaka huu wamelala wapi?

Nikajibu kwa kujiamini, kwa mama yao.

Akaweka kalamu chini. Hakunigombeza. Alinieleza taratibu kwamba mtoto huandikwa na anayeishi naye zaidi ya nusu mwaka, ujomba peke yake hautoshi. Nirekebishe fomu za nyuma, nirudishe nilichochukua. Na dada naye arekebishe zake, apate chake. Akasema nimlete.

Nilikaa kwenye gari pale nje. Kuilipa serikali sikuogopa sana. Niliogopa uso wa Mwanaidi.

Jumamosi nikaenda. Nilimkuta kwenye kochi na sare ya kazi, viatu hajavua. Nikamwambia yote, sikuficha kitu.

Aliinama akavua viatu. Kisha akauliza, "Kaka, ule mwaka Rama alipougua nikamwacha kwa jirani nikaenda kazini, hii pesa ilikuwepo?"

Nikamwambia ilikuwepo.

"Haya. Twende tukaandike."

Wakuu, nimeishi miaka mingi, lakini nilichokiona baada ya ile pesa kumfikia kilinitisha kwa uzuri wake.

Alilipa kodi ya nyumba aliyokuwa anadaiwa. Akanunua gari kuukuu. Akaacha shift za wikiendi. Halafu akalala. Nilipiga simu mchana wa Jumamosi, Rama akanong'ona kwamba mama kalala tangu asubuhi na wao wanamlinda asiamshwe.

Presha iliyomsumbua miaka ikashuka, daktari akampunguzia dawa. Na mimi siku zote nilidhani dada yangu ana hasira za kuzaliwa! Kumbe ni uchovu tu. Mtu mcheshi vile, nilikuwa nimemsahau.

Jumapili moja nikawakuta anamsuka Zuhura sebuleni. Nikamtania mtoto, mama kakununulia nini na pesa zote zile? Nilitegemea aseme doli au baiskeli.

Akafikiri kidogo, akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba hajanunuliwa kitu, ila mama siku hizi yupo nyumbani.

Nilienda kunawa uso bafuni, siwaongopei.

Nilichojifunza: ukiwa msaidizi wa ndugu, angalia vizuri usije ukawa umekalia haki yake huku anakushukuru. Mimi bado nalipa serikali kila mwezi, na nalipa kwa moyo mweupe. Mwanaidi hajawahi kunitupia neno hata moja.

Ila fomu zake siku hizi anajaza mwenyewe.

Haya, mlioko ughaibuni mnaoshika karatasi za ndugu zenu, njooni mseme ukweli. Hata wa kunitukana aje, nafasi ipo.